Pima ya Mwanakombo

Kazi hii ilinigharimu jino moja la mbele, leso jozi sita zilizoraruliwa pindo, ndoo mbili, na jina langu zuri kwa wanunuzi wote wa mikeka wa Ukunda. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza ndoo zilikuwa tatu, lakini moja niliivunja mwenyewe kwa hasira zangu, kwa hivyo hiyo simdai mtu. Nilichopata badala yake nitakieleza, nanyi vijana mnaoingia kazini leo mtaamua wenyewe kama nilipunjwa.

Kabla ya kazi hii nilikuwa mchuuzi. Nilikuwa nikinunua mikeka kwa wanawake wa vijijini upande wa Msambweni na kuiuza Ukunda kando ya barabara, pamoja na leso na mafuta ya nazi. Siku moja Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi ya kwetu alikuja kutaka mkeka wa kuswalia. Tulianza bei jua likiwa upande huu, tukamaliza likiwa upande ule. Alikwenda zake mara tatu na mara tatu akarudi. Mwisho akaweka mkeka begani, akanitazama.

"Bi Mishi, wewe huchoki?"

"Nachoka, Mwalimu. Ila sionyeshi."

"Basi njoo shuleni Jumatatu. Tumefungua kitengo cha elimu maalumu na tunatafuta msaidizi. Waliokuja wote wamekimbia."

"Wamekimbia nini?"

"Njoo Jumatatu," akasema. Nikajua papo hapo kwamba nami nimepatikana, maana muuzaji asiyekuonyesha upande wa chini wa mkeka ana sababu zake.

Siku ya kwanza nilivaa leso mpya nikidhani nitapewa chaki. Nilipewa ndoo, kitambaa, na watoto sita. Bosi wangu alikuwa Mwalimu wa Kitengo, mama wa kutoka bara, mpole, sauti yake ya chini mpaka unainama kumsikia. Alinionyesha mahali pa kukaa akaniambia nitazame tu. Lakini mimi sijazoea kukaa bila kufanya kitu. Nikaona mvulana mmoja anajiyumbisha mbele na nyuma peke yake ukutani, huruma ikanishika, nikamwendea kwa nyuma nikamkumbatia. Kichwa kilipanda juu kama nazi inayorudi mtini. Jino langu likaanguka ndani ya ndoo.

Mwalimu wa Kitengo aliniletea maji ya chumvi. Hakucheka, ingawa angeweza.

"Umemwendea kutoka nyuma, Bi Mishi."

"Nimemwendea kwa mapenzi!"

"Hata mapenzi yana mlango. Kwenu hapa pwani mtu akiingia nyumba ya watu bila hodi mnamwitaje?"

Alikuwa hana hata mwaka pwani, na tayari ananifundisha adabu ya kwetu. Tangu siku hiyo sikumgusa mtoto bila kwanza kukaa mbele yake, mkono wangu wazi, nikangoja anikaribishe. Wengine walinikaribisha siku ya pili. Mmoja alinikalisha nje miezi minne.

Watoto wale wengi wao walikuwa na usonji. Zamani tuliwapa majina mengine, na mengi ya majina hayo sitayaandika hapa. Usonji si homa ya kuambukizana wala si kazi ya mtu mbaya. Ni namna ubongo ulivyoumbwa: unaupokea ulimwengu kwa njia yake. Kengele ya shule, ambayo wewe umeizoea hata huisikii, kwa mwenye usonji yaweza kuwa sufuria inayogongwa ndani ya sikio. Mshono wa shati unakuwa upupu. Na maneno, ambayo sisi watu wa pwani tunayamwaga kama maji ya kuoshea vyombo, kwake yaweza kukwama njiani, ama yasije kabisa, na hilo halina maana kwamba hana la kusema.

Mwalimu wa Kitengo alinifundisha vyombo vya kazi. Ratiba ya picha ni kibao chenye michoro ya shughuli za siku, mmoja baada ya mwingine, ili mtoto ajue kinachokuja kabla hakijamwangukia. Kona ya utulivu ni mahali pa kujificha na kelele, na si adhabu. Wageni wa ofisini waliichanganya na adhabu kila mwaka, nami kila mwaka nikawasahihisha. Lakini chombo kikubwa kuliko vyote alikiita kuonyesha mwisho. Ukimpa mtoto kazi, mwonyeshe kwa macho inaishia wapi. Weka simbi kumi za ufukweni kwenye bakuli. Bakuli likiwa tupu, kazi imekwisha. Usimwambie "kidogo tu" wala "sasa hivi" wala "tunamaliza." Kwa mchuuzi somo hilo lilikuwa chungu. Nusu ya maisha yangu nimeyaishi kwa "kidogo tu."

Tulifundisha kwa mikono na kwa masikio kuliko kwa kitabu. Kulikuwa na udongo wa mfinyanzi, rangi, na kichapuo kidogo, ngoma ambayo Mwalimu wa Kitengo aliitumia kuita majina. Kila mtoto alikuwa na mdundo wake. Badala ya kusema "nipo," anaugonga. Mwalimu Mkuu alikuja kulalamika kwamba darasa la sita hawasikii hesabu. Baada ya wiki mbili nilimpelekea chai ofisini nikamkuta anagonga meza kwa kalamu, mdundo wa mtoto wa tatu kwenye orodha, bila kukosea.

"Usiseme," akaniambia.

"Nitasema nini, Mwalimu? Hata sijasikia hesabu."

Mwanakombo aliletwa akiwa na miaka tisa. Mama yake alikuwa dobi katika hoteli moja Diani, mwanamke mwembamba mwenye vidole vilivyokunjamana kwa sabuni, na alimleta akiomba radhi tangu langoni: samahani hasemi, samahani hatulii, samahani hali wali uliogusana na mchuzi. Mtoto mwenyewe alikuwa na vidole masikioni. Aliona mkeka wangu, akaukalia, akaanza kuufumua.

Ulikuwa mkeka mzuri, wa rangi nne. Siku ya nne nusu yake ilikuwa imekwisha, nami nikanyoosha mkono niokoe kilichobaki.

"Mwache," akasema Mwalimu wa Kitengo. "Hebu tazama anavyofumua."

Nikatazama. Mtoto hakuwa akiharibu. Alikuwa akitoa unyasi mmoja mmoja, mweusi huku, zambarau kule, na kila mmoja anaunyoosha kwa ukucha mpaka ulale sawa. Mikeka nimeuza maisha yangu yote na sijaona fundi anayetenga miyaa safi vile. Kesho yake nilikuja na mzigo wa miyaa, yaani majani makavu ya mkoma yaliyochanwa, nikakaa mbele yake, mkono wazi. Nikaanza kusuka ukili. Msiojua, ukili ni utepe mrefu unaosukwa kwanza, kisha tepe zinashonwa pamoja kwa shazia, ile sindano kubwa, ndipo unapata mkeka. Hakunitazama mimi. Alitazama vidole vyangu siku tatu, na siku ya nne akachukua ncha.

Mwaka ulipogeuka alikuwa akisuka kunipita. Nami nikamwonyesha mwisho: ukili ukifika pima kumi, kazi imekwisha, tunakwenda kunywa chai. Pima ni kipimo cha mikono. Unaitanua miwili, na kutoka ncha ya kidole hiki mpaka ncha ya kile ndiyo pima moja. Nilikuwa nikiutanua ukili wake kifuani pangu, nikihesabu kwa sauti, na nikifika kumi nasema, "Kumi. Tayari." Anagonga mkeka mara mbili, anainuka. Hakuna siku aliyonigomea. Nilijiona mwalimu mkubwa.

Kisha nikaazimwa kama sufuria. Afisa wa Tathmini, yule anayezunguka kuwaona watoto na kuamua wasaidiwe vipi, alimwomba Mwalimu Mkuu anitoe nimsaidie huko juu kunakokauka, vijiji vya wafugaji upande wa Taru. Nilidhani ni wiki mbili. Ikawa miaka mitano. Afisa alikuwa mtu wa fomu. Hata salamu zake zilikuwa na sehemu ya kutia sahihi. Siku moja tulifika boma moja kumwona kijana wa miaka ishirini ambaye hakuwa amesema neno tangu kuzaliwa. Afisa akatoa kalamu.

"Mzee, tatizo la kijana ni nini?"

Mzee akafikiri sana. "Tatizo ni mbuzi wamekuwa wengi. Mtu mmoja hatoshi."

"Nauliza tatizo lake yeye."

"Ndilo hilo. Mchungaji ni yeye. Akikosekana mbuzi mmoja, mimi nahesabu, ndugu zake wanahesabu, yeye anatazama tu mara moja na anajua ni yupi."

Afisa alikaa na kalamu hewani. Mwisho akaandika kitu kirefu, sikuuliza ni nini. Mimi nilichoandika moyoni ni kwamba boma lile halikuwa na kitengo, halikuwa na ratiba wala picha, lakini lilikuwa na nafasi ambayo bila kijana yule ingebaki wazi. Shuleni tulikuwa tumewapa watoto mengi. Hilo hatukuwa tumewapa.

Niliporudi pwani, Mwalimu wa Kitengo alikuwa amehamishwa, na Mwanakombo ametimiza miaka kumi na saba. Kitengo kilikuwa cha wadogo. Mkubwa alipewa cheti na mkono wa kwaheri, basi. Nilikwenda kwao kumjulia hali. Mama yake alikuwa ndiyo kwanza anatoka, nguo za kazi mwilini, na alikuwa akifunga chumba cha nyuma kwa kufuli. Kwa nje.

Nilisimama. Kutoka ndani nilisikia kitu kinagongwa, mara mbili, kinanyamaza, mara mbili tena.

"Usinitazame hivyo, Bi Mishi," akasema. "Mwezi uliopita alitoka akaenda mpaka barabara kuu, lori likasimama hapa na yeye hapa. Nikiacha wazi atakufa barabarani. Nikifunga, anakufa humu ndani, polepole. Nisipokwenda kazini tunakufa wote wawili. Wewe ndiye mwenye kuhesabu. Nihesabie, ipi nafuu?"

Sikutaja hata moja kati ya hizo tatu; nilikwenda kutafuta ya nne.

Karibu na kwetu, kabla hujafika Ramisi, kuna banda la makuti ambapo wanawake kumi na mmoja husuka pamoja kila asubuhi. Mwenyekiti wao ni mama mrefu, mkavu, mwenye mikono ya mtu wa kupiga kasia, na ananijua vizuri kuliko nilivyotaka. Ndiye niliyekuwa nikinunua kwake zamani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kununua au umekuja kuiba?"

"Nimekuja kuomba."

"Subhanallah! Shoga zangu, njooni mwone, Mishi anaomba."

Nikaeleza. Alisikiliza huku anasuka. Alipomaliza safu akasema, "Kelele hapa hazikosi. Watoto wa watu wapo, sufuria za rangi zinachemka. Siku tatu."

"Miezi mitatu."

"Siku saba, na ukae naye."

"Dada, hata mkeka haukauki siku saba. Mpaka mwezi mwandamo."

Akatazama juu kana kwamba mwezi uko darini. "Mpaka mwezi mwandamo. Akituvuruga kabla ya hapo, unamrudisha kwao na sitaki maneno."

Zilikuwa siku ishirini na mbili. Nilihesabu mara mbili. Mwanakombo akipata nafasi pale, kufuli linatoka. Akiikosa, sikuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko nilivyostahili. Kikwazo kilikuwa salamu. Msichana anaingia mbele ya wazee hasemi shikamoo! Bi Mwanajuma, ambaye ni mfupi kuliko wote na mwepesi wa kuona makosa kuliko wote, alinuna mpaka adhuhuri. Nikawaeleza kwamba ule ugongaji wa mkeka mara mbili anapokaa, ndiyo salamu yake. Siku ya pili Mwanakombo akagonga, na Mwenyekiti, bila kuinua macho, akajibu, "Marahaba." Tangu hapo wote wakajibu. Bi Mwanajuma alijibu wa mwisho, kwa sauti ya mtu anayelipishwa.

Na kusuka je? Wanawake wale walianza kusogea. Mweusi, mweusi, zambarau, mweusi: alikuwa na mpangilio wake, unarudi baada ya kila safu ishirini na saba, na haukukosea hata alipokuwa akitazama pembeni. Walipoimba, aliguna nao, chini kabisa, nyuma kidogo ya wimbo. "Ana mkono huyu," wakasema. Nami nikazidi kujiona.

Wiki ya tatu nilifiwa na shangazi, nikaenda matangani siku mbili. Niliwaachia maelezo yote: asiguswe kwa nyuma, chai isiwe na maziwa, akifika pima kumi mwambieni tayari. Jepesi kabisa.

Niliporudi nilikuta sufuria ya rangi imepinduka, sakafu nzima imekuwa zambarau. Miyaa imetapakaa. Bi Mwanajuma ana mikwaruzo mkononi, anapuliza. Mwanakombo amejikunyata pembeni, vidole masikioni, anajigonga kisogo kwenye nguzo, na mama yake, aliyeitwa kutoka kazini, amekaa mbele yake akilia bila sauti.

Mwenyekiti alinipokea mlangoni. "Mwezi wako umeandama mapema, Mishi."

"Amefanywa nini?"

"Hajafanywa kitu! Kasuka vizuri tangu asubuhi, mara kageuka. Tumefanya kama ulivyosema."

Mama Mwanakombo akainuka. "Nimchukue tu. Nimezoea."

Neno hilo lilinichoma kuliko jino. Nikamwomba angoje mpaka niswali, na nikaomba ruhusa ya kukaa. Nilipotoka kuswali nilikaa mbele ya Mwanakombo, mbali kidogo, mkono wazi. Nikaanza kutafuta chanzo kama walivyonifundisha: harufu, joto, kelele, njaa. Sikupata. Ukili wake ulikuwa miguuni mwangu, umekanyagwa. Nikauokota, na kwa mazoea tu nikaupima. Kumi. Nikaupima tena. Kumi kamili, hakuna ziada ya ukucha.

"Mbona umekamilika?" nikauliza. "Hakuambiwa tayari?"

"Haukukamilika," akasema Mwenyekiti. "Niliupima mimi, ukawa tisa. Nikamwambia bado moja."

"Ukawa tisa kwako," akadakia Bi Mwanajuma. "Mimi niliupima papo hapo, kabla hajaongeza, ukawa kumi na mbili. Nikamwambia umezidi, fumua. Ndipo akanivaa."

Nilikaa chini kabisa. Mwenyekiti na mikono yake ya kasia. Bi Mwanajuma na mikono yake mifupi. Mtu aliyefundishwa miaka yote kwamba kazi ina mwisho, mwisho umemkimbia, kisha umemrudia nyuma. Kwa asubuhi moja. Nani asingepindua sufuria?

Na mwenye kosa alikuwa mimi. Kwa wasusi wa kwetu, pima ya mtu ni ya mtu. Haiulizwi. Kuupima tena ukili wa mwenzio mbele yake ni kumwita mwongo, na hakuna anayefanya hivyo isipokuwa mnunuzi. Kila mtu pwani anajua kwamba mikono haifanani, na kila mtu kwa adabu anajifanya hajui. Mimi nilijua kuliko wote. Miaka kumi mizima nilipokwenda kununua nilikuwa nikifuatana na binamu yangu mmoja, kijana mrefu kama mnazi, kazi yake ni moja tu: kutanua mikono, ili pima za wasusi zipungue. Halafu nikamfundisha mtoto kipimo ambacho kimefungwa kwenye mabega yangu, nikaenda matangani nacho.

Nikasema, "Tunahitaji kipimo cha ukutani. Misumari miwili, mmoja huku, mmoja kule. Kisichobadilika akipima yeyote."

Wanawake wote wakanigeukia. Hata mama yake Mwanakombo aliacha kulia.

"Kipimo," akasema Mwenyekiti taratibu. "Yaani sisi wezi?"

"Sijasema wezi, dada."

"Aliyetuletea mwanamume mwenye mikono kama makasia, akatanua hapa mbele yetu na haya hana, alikuwa nani? Shangazi yako marehemu?"

Wanawake wakacheka, kicheko cha miaka kumi. Sikuwa na pa kujificha. "Nilikuwa mimi. Naomba radhi. Binamu naye anaomba radhi, sasa hivi ana bega linamuuma."

"Linamuuma haki."

"Linamuuma haki. Lakini dada, huyu mtoto hajanunua kitu kwa mtu. Yeye anataka kujua tu inaishia wapi."

Mwenyekiti akamtazama Mwanakombo muda mrefu. Kisogo kilikuwa kimeacha kugonga. "Mikono ya nani, basi?" akauliza. "Yako siikubali, wewe ni mnunuzi mpaka ufe. Tukichukua yangu, Mwanajuma atasuka mpaka magharibi. Tukichukua ya Mwanajuma, wanunuzi watatuhama."

Aliyetoa jibu ni Bi Mwanajuma, huku bado anapuliza mkono wake.

"Si mumpime mwenyewe? Nani atabishana na mtoto?"

Lilikuwa neno la akili, na lilikuwa na tatizo moja: nani atamshika mikono na kumtanua msichana asiyependa kuguswa, siku kama ile? Nilitaka kusema tungoje kesho. Mwenyekiti akaniwahi. Alikunja buibui lake, akashuka chini kwa magoti, akalala chali juu ya sakafu yenye rangi, mama wa miaka sabini, akatanua mikono yake yote miwili.

"Mwanangu," akasema akitazama makuti, "mimi nafanya hivi."

Hakuna aliyecheka. Alilala pale. Alilala mpaka nikaanza kuhofu. Mwanakombo alitoa kidole kimoja sikioni, kisha cha pili. Akasogea kwa makalio, akautazama mkono wa kulia wa Mwenyekiti, akazunguka akautazama wa kushoto. Kisha akalala kando yake, chali, akatanua. Bi Mwanajuma alitambaa na kipande cha mkaa, hakumgusa hata unywele, akaweka alama huku, akaweka alama kule.

Kumwinua Mwenyekiti kulitaka watu watatu. Buibui lilibaki zambarau mgongoni, na hakukubali liloweshwe.

Tulipigilia misumari kwenye ubao wa ukutani siku ileile. Mwanakombo aliuchukua ukili wake mwenyewe, akauvuta kutoka msumari mpaka msumari, mara kumi, akakata palipozidi, akagonga mkeka mara mbili, akaenda kunywa chai yake isiyo na maziwa. Mwezi uliandama siku nne baadaye. Niliuona mimi, aliuona Mwenyekiti, hakuna aliyeutaja.

Pima ile wanaiita pima ya Mwanakombo. Mwanzoni aliitumia peke yake. Kisha nikaanza kumkuta mmoja mmoja kwenye misumari, akidhani sitazami, na sasa wote wanapimia pale. Wanunuzi wa Ukunda wakija na mabinamu zao warefu wanaonyeshwa ubao. Wanajua ni nani aliyeleta wazo hilo, na ndiyo maana sina salamu tena kando ya barabara. Mama Mwanakombo ana kufuli ambalo sasa anafungia kuku. Wanawake wawili humpitia binti yake asubuhi, wakagombana nani atembee upande wa barabara. Wamekuja vijana wengine wawili: mmoja anachora mipango ya mikeka kwa mkaa kabla haijasukwa, mwingine anapiga kichapuo wenzake wakisuka, na akikosea hakuna anayemwambia, wanasuka tu kwa kosa hilo.

Mtaniuliza nilijifunza nini. Nilijifunza kwamba ukiona kijana amepindua sufuria, usiulize kwanza ana nini. Uliza ni nani aliyehamisha msumari. Mara nyingi ni mtu mpole, mwenye nia safi, na mara nyingi ni wewe. Na msiwafundishe kukaa na ninyi tu. Mwalimu hustaafu, huazimwa, hufiwa na shangazi. Mtafutieni mtu mahali pake miongoni mwa watu wake, na kama mahali pamebana, wasogezeni hao watu. Husogea. Wengine hata hulala chini.

Bodi ya shule ilinistaafisha mwaka juzi kwa barua nzuri na saa ya ukutani inayochelewa. Barua haikunishtua, kwa sababu nilikuwa na banda. Kila asubuhi nilikwenda, nikakaa kushoto kwa Mwanakombo, ati endapo atanihitaji.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa hivyo, nawaeleza namna ya kufanya jambo ambalo walikuwa wanalifanya tayari. Mwanakombo aliweka ukili chini. Akanishika kifundo cha mkono, yeye, kwa hiari yake. Akaniinua. Akaniongoza mpaka nje ya banda, akanigeuza uso kuelekea kwetu, akaniachia. Niliposikia hatua zake zinarudi nilitazama nyuma: alikuwa amelaza mzigo wa miyaa pale nilipokuwa nimekaa, anasuka.

"Mishi," akaita Mwenyekiti, akijizuia, "nadhani umefukuzwa kazi."

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, kwa hivyo kesho yake nilikwenda tena. Nilishikwa mkono tena.

Sina huzuni, wala msinipe pole. Ndilo nililoomba lile, na nimelipata likiwa kamili, pima kumi. Ila hakuna aliyenifundisha kinachofuata. Nimekaa barazani tangu saa mbili, vyombo nimeosha, kuku nimewapa, saa ya ukutani imekwisha kuchelewa, na jua bado halijafika hata kwenye mlimao. Vijana, yenu nimemaliza; nyinyi mliostaafu kabla yangu, naomba ushauri, na naomba upesi: asubuhi zote hizi huwa mnazifanya nini?